Anayechuja Ana Mechi ya Kushinda

Kijana wa Inyonga anayefika kwenye kikosi cha mkoa wa Katavi amekwishachujwa mara nne: shuleni kwake, kwenye kata, wilayani Mlele, na mwisho Mpanda. Mara zote nne aliyemchuja alikuwa na mechi ya kushinda wiki ile. Ukitaka kuelewa kwa nini vipaji vya bara huku vinapotea, anzia hapo, kabla ya kulalamikia viwanja, njumu au Simba na Yanga.

Ngazi yenyewe kila mzazi anaijua. Mashindano ya shule za msingi ni UMITASHUMTA, ya sekondari ni UMISSETA. Timu ya shule inatoa wachezaji wa timu ya kata, kata inatoa wa wilaya, wilaya inatoa wa mkoa, na mkoa unapanda basi kwenda fainali za taifa katikati ya mwaka. Mwaka 2021 fainali zilikuwa Mtwara, upande wa pili kabisa wa nchi ukitokea Katavi. Mwaka 2022 zikawa Tabora, jirani zetu. Kwa mtoto wa Mlele hiyo ndiyo nafasi pekee iliyopangwa rasmi ya kuonekana na mtu asiyemfahamu. Hakuna nyingine. Kuna makombe ya diwani na ya mbunge, kuna ndondo za kugombea mbuzi, lakini huko skauti wa klabu kubwa hafiki, na akifika ni kwa bahati au kwa undugu. Timu ya Ligi Kuu iliyotukaribia katika miaka hii ni ile ya Tabora, iliyopanda mwaka 2023, na kutoka Inyonga hadi Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi ni safari ya kutwa kwa mtu asiye na gari lake.

Tazama mchujo wa kata unavyokwenda. Shule tano au sita zinakutana kwenye kiwanja kimoja chenye magoli ya miti na mistari ya majivu. Mwalimu ana daftari, filimbi na mipira miwili, mmoja umeshashonwa mara kadhaa. Watoto ishirini na wawili wanaingia, wengi pekupeku, wachache na njumu za kuazimana. Zinapita dakika kumi na tano, wanatoka, kundi jingine linaingia. Jua likianza kushuka yanasomwa majina kumi na nane, maana wa shule ya mbali wana saa mbili za kutembea kurudi kwao. Ndani ya dakika hizo kumi na tano, kiungo mwenye akili ya mpira anaweza kuugusa mpira mara sita tu. Anayeonekana ni anayepiga mbali, anayewaacha wenzake kwa mbio na anayeruka juu kuliko beki. Kwa maneno mengine, anaonekana aliyekwishabalehe.

Mwalimu naye si mjinga. Anajua kwamba wiki ijayo timu yake inakutana na kata jirani, kwamba afisa elimu kata atakuwepo uwanjani, na kwamba hakuna atakayemuuliza miaka sita baadaye yule mdogo aliyeachwa alikuja kuwa nani. Anachagua wanaoweza kushinda Jumamosi. Mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya hivyo hivyo.

Wanasaikolojia waliliona jambo hili zamani kwenye nchi zenye vyeti vya kila kitu. Mwaka 1985 Roger Barnsley na wenzake walionyesha kwamba kwenye magongo ya barafu kule Canada, wachezaji waliozaliwa Januari, Februari na Machi walikuwa wengi kupita kiasi kwenye timu za juu, na waliozaliwa mwishoni mwa mwaka walikuwa wachache. Sababu ni tarehe ya kukata umri. Mtoto wa Januari anamzidi wa Desemba kwa karibu mwaka mzima, ana mwili mkubwa kidogo, anachaguliwa, anapata kocha bora na mechi nyingi, na baada ya miaka mitano amekuwa bora kweli. Uteuzi wenyewe ndio uliomfanya bora. Soka nalo, Ulaya na kwingineko, lilikutwa na kasoro ileile.

Huko tofauti ni ya miezi. Kwetu ni ya miaka. Kwenye darasa moja la saba huku kwetu Ukonongo anaweza kukaa mtoto wa miaka kumi na miwili na mwingine wa kumi na mitano, na hakuna aliyedanganya. Huyu wa pili alianza shule amechelewa kwa sababu alikuwa anachunga, au familia ilihama na ng'ombe kutoka Shinyanga ikakaa porini misimu miwili kabla ya kupata kijiji. Sensa ya 2012 ilihesabu Katavi watu 564,604; ile ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Mkoa ulioongezeka mara mbili ndani ya miaka kumi ni mkoa wenye watoto wengi waliofika wakubwa kuliko madarasa yao, na wengi bila cheti cha kuzaliwa. Mwalimu wa mapokezi anaandika mwaka anaoambiwa na mzazi, mzazi anaukadiria kwa msimu wa njaa au mwaka wa mafuriko, na tarehe hiyo inaganda kwenye rejista mpaka mtoto anapofika kwenye usajili wa shirikisho la soka, TFF.

Hapo ndipo vijeba, yaani waliozidi umri, wanapopita mlango wa mbele. Hao hawafanani na mamluki, wale vijana wa mtaani wanaovishwa sare za shule siku ya mashindano. Mamluki ni udanganyifu wa wazi na kila mwaka kuna timu inayonyang'anywa ushindi kwa ajili yao. Kijeba wa rejista ni mwanafunzi halali kabisa. Kachelewa tu, na mfumo unampa zawadi kwa kuchelewa kwake.

Taifa limewahi kulipa gharama hiyo. Mwaka 2005 Serengeti Boys ilifuzu Mataifa ya Afrika ya vijana chini ya miaka 17 kule Gambia, kisha ikafungiwa kwa kumtumia mchezaji aliyezidi umri, na Zimbabwe ikaenda badala yetu. Miaka kumi na miwili baadaye upepo ukageuka: Congo Brazzaville ilitutoa uwanjani, Tanzania ikakata rufaa kuhusu umri wa mchezaji wao mmoja, Congo ikashindwa kumfikisha kwenye kipimo, na sisi ndio tukaenda Gabon mwaka 2017. Tulishangilia, na ilikuwa haki. Lakini ushindi wa mezani hauongezi kipaji hata kimoja. Mwaka 2019 tulipokuwa wenyeji Dar es Salaam tulipoteza mechi zote tatu, tukiwafunga Nigeria manne na wao wakatufunga matano.

Kipimo chenyewe kinastahili kuelezwa, kwa sababu vijiweni kinasimuliwa kama uchawi. FIFA ilianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka 2009. Mchezaji anapigwa picha ya MRI ya kifundo cha mkono. Kwenye ncha ya mfupa mkubwa wa mkono, upande wa kidole gumba, kuna utepe wa gegedu ambao mfupa hutumia kurefuka. Mwili ukikomaa, utepe unajifunga mpaka unatoweka. Madaktari wameugawa ujifungaji huo katika hatua sita. Aliyefika ya sita, utepe umefungwa kabisa, anachukuliwa kuwa amepita miaka 17 na anaondolewa. Kipimo hakisemi mtu ana miaka mingapi. Kinasema tu mfupa wake umemaliza kukua au la, kwa hiyo kijana wa miaka 18 mwenye mwili uliochelewa anaweza kupita, na mara chache wa 16 aliyekomaa mapema anaweza kuzuiwa.

Kasoro yake kubwa kwetu ni mahali kinapotumika, huko juu kabisa, timu ya taifa inapokaribia mashindano. Kule Inyonga, yule mdogo aliyesukumwa nje na mwenzake wa miaka kumi na mitano alisharudi nyumbani miaka mitatu iliyopita. Mashine inaweza kumtoa kijeba kwenye kikosi, ila haiwezi kumrudisha aliyeachwa. Anayechukua nafasi iliyobaki wazi ni kijeba mwingine mwenye mfupa wa hatua ya tano.

Tuwatazame sasa wenye fedha na vipimo vyote. Wamarekani wana utaratibu wanaouita drafti: timu iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ndiyo inayopewa zamu za mwanzo kuchagua vijana wanaotoka vyuoni. Ulianza mwaka 1936 kwenye mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti, kwa wazo la Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, ambaye timu yake ilikuwa haishindi na matajiri walikuwa wanamzidi dau kila mara. Kijana wa kwanza kabisa kuchaguliwa katika historia ya drafti, Jay Berwanger, hakucheza hata mechi moja ya kulipwa. Ingefaa kila skauti aanze kazi na habari hiyo.

Watanzania tuna mfano wetu wa karibu zaidi. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, urefu mita 2.21, alichaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA na Memphis Grizzlies. Baada yake alichaguliwa James Harden, wa tatu. Stephen Curry alikuwa wa saba. Hao wawili ndio waliokuja kuwa nyota. Thabeet alikuwa ameanza kikapu akiwa kijana mkubwa, akapanda haraka mpaka Chuo Kikuu cha Connecticut, na urefu wake hakuna aliyeweza kuubishia. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha alipelekwa ligi ya chini kujinoa. Sisemi hili kumbeza; kufika pale ni jambo ambalo hakuna Mtanzania mwingine aliyelifikia. Nasema Memphis walikuwa na kanda za mechi, madaktari, wapimaji na muda wa mwaka mzima, na bado walichagua kipimo kinachoonekana kwa macho kuliko mchezo. Mwalimu wa kata aliyemchagua mrefu kwa dakika kumi na tano yuko kwenye kampani nzuri.

Watafiti wawili, Cade Massey na Richard Thaler, waliichunguza drafti ya mpira huo wa Kimarekani na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Walilinganisha kila mchezaji na yule aliyechaguliwa baada yake katika nafasi ileile ya uchezaji. Uwezekano kwamba wa kwanza angekuja kuwa bora kuliko wa pili ulikuwa asilimia 52. Kurusha shilingi ni asilimia 50. Hayo ndiyo mavuno ya jicho la kitaalamu linalolipwa mamilioni ya dola. Ushauri wao kwa timu ukawa rahisi: acheni kujiamini kupita kiasi, uzeni zamu moja ya juu mpate zamu kadhaa za chini, mjaribu watu wengi.

Hesabu hiyo ikiletwa Inyonga inabadilisha lawama. Hatuna sababu ya kumtafutia mwalimu jicho kali zaidi, kwa sababu hata jicho la Memphis halikutosha. La kuuliza ni watoto wangapi wanaonekana, mara ngapi, na kwa muda gani kabla mlango haujafungwa.

Angalia waliofanikiwa. Mbwana Samatta alianzia Mbagala, kwenye klabu iliyokuja kuitwa African Lyon, akaenda Simba, na mwaka 2011 Simba ikakutana na TP Mazembe kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Mazembe walimwona akicheza dhidi yao, wakamnunua. Mwaka 2016 alitangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, akaenda Genk, na mwaka 2020 akatua Aston Villa. Ni simulizi tamu, ila chini yake kuna jiografia: aliyekulia Mbagala alikuwa ndani ya mji wenye Simba, Yanga na uwanja wa taifa. Angekulia Ilunde, huku kwetu Mlele, hata na kipaji kilekile, Mazembe wasingemwona.

Mfano wa pili unatoka upande wetu wa magharibi, na wengi hawaujui. Bernard Kamungo alizaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, kwa wazazi wa Kikongo. Mwaka 2016 familia ilihamishiwa Abilene, Texas, akacheza timu ya shule ya kawaida. Hakupitia akademi wala drafti. Ndugu yake alimlipia dola 90 za kuingia kwenye majaribio ya wazi ya North Texas SC. Walimchukua mwaka 2021, akapanda FC Dallas, na Januari 2024 akachezea timu ya taifa ya Marekani. Kwa miaka kumi na nne alikuwa Kigoma, na katika muda wote huo hakukuwa na klabu ya Tanzania iliyomwona. Sisi wa Katavi tuliokaa kwa miongo mingi jirani na makazi ya wakimbizi ya Katumba na Mishamo tunajua mpira unaochezwa kwenye makazi yale. Kamungo si muujiza. Tofauti ni kwamba Texas kulikuwa na mlango ulioandikwa bei.

Na wasichana? Hapa mambo yanapendeza kuliko watu wanavyokiri. Hadi mwaka 2022 hakuna timu ya wavulana ya Tanzania iliyokuwa imefika Kombe la Dunia la umri wowote. Serengeti Girls, wasichana wetu wa chini ya miaka 17, walifika India mwaka huo, wakaifunga Ufaransa mbili kwa moja, wakatoka sare na Canada, wakaingia robo fainali na kufungwa na Colombia. Sehemu ya sababu, kwa maoni yangu, ni kwamba soka la wasichana limekulia kwenye shule zenye timu, kama Alliance ya Mwanza na Fountain Gate ya Dodoma. Msichana analala hapo, anasoma hapo, anacheza hapo, na kocha anamwona siku mia mbili kwa mwaka. Mwenye siku mia mbili anamwona hata aliyechelewa kurefuka.

Ulaya nao wamejifunza kusubiri. Ubelgiji ilianzisha kikosi cha taifa cha pembeni kwa vijana wenye kipaji ambao miili yao imechelewa, ili wasipotee wakati wenzao wanashinda kwa kifua. England wana mashindano ambayo watoto wanapangwa kwa kiwango cha kukomaa badala ya tarehe ya kuzaliwa. Kiwango hicho hukadiriwa kwa urefu, uzito na umri wa mtoto pamoja na urefu wa wazazi wake. Ajax ya Amsterdam kwa miaka mingi ilipima vitu vinne: ufundi, akili ya mchezo, haiba na kasi. Viwili vya mwanzo waliamini vinafundishika, viwili vya mwisho mtu huja navyo. Mchujo wa dakika kumi na tano unapima kimoja tu kati ya hivyo, kasi, tena kasi ya mwili uliokwishakomaa.

Huko Ulaya wanatafuta urefu wa wazazi kwa fomu. Mwalimu wa Inyonga anaujua bila fomu. Amemfundisha kaka mtu, anajua alikuwa mfupi hadi kidato cha pili kisha akachomoza ghafla. Anajua baba ni mrina asali mwenye miguu mirefu kama korongo, na kwamba mtoto hakuja mazoezini wiki tatu kwa sababu familia ilikuwa kwenye mabani ya tumbaku, wala si mvivu. Taarifa hizo zina thamani kuliko dakika kumi na tano zozote, na hakuna fomu ya UMITASHUMTA inayoziomba. Daftari la mchujo lina safu ya jina, shule na nafasi. Lingekuwa na safu nyingine mbili, "ameachwa kwa nini" na "aangaliwe tena lini", mkoa ungekuwa na kumbukumbu ambayo hakuna klabu ya Dar es Salaam iliyo nayo.

Kwa nini hakuna anayejishughulisha? Fedha, kama kawaida, ila fedha hizi zipo kwenye kanuni. FIFA inataka mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei ikatwe na kugawiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 unapata asilimia 0.25 ya bei. Kila msimu wa 16 hadi 23, asilimia 0.5. Mchezaji akiuzwa shilingi milioni 400, klabu iliyomlea tangu miaka 12 hadi 15 inastahili milioni 4. Kwa klabu ya kata hizo ni jezi, mipira na nauli za misimu kadhaa. Tangu Novemba 2022 malipo hayo yanapitia chombo maalumu cha FIFA kilichoko Paris, kinachosoma pasipoti ya mchezaji, yaani orodha ya klabu alizosajiliwa mwaka hadi mwaka.

Sasa itazame pasipoti ya kijana wa Mlele aliyesajiliwa kwa mara ya kwanza Dar es Salaam akiwa na miaka 18. Miaka 12 hadi 17 ni tupu. Alicheza shuleni, na shule si klabu. Alicheza mchangani, na timu ya mchangani haikusajili watoto wake kwa sababu usajili una gharama na hakuna aliyewaambia una faida. Waliomlea hawapo kwenye karatasi, kwa hiyo hawana wanachodai. Klabu kubwa nazo, zenye ruhusa ya kusajili wageni hadi 12 kwenye misimu ya karibuni, zinaona nafuu kununua aliyekwishaiva Abidjan au Kinshasa kuliko kumsubiri wa miaka 13 porini. Siwalaumu, wao pia wana mechi ya kushinda wiki hii.

Kama ningepewa jambo moja la kubadilisha Katavi, nisingeomba uwanja wala akademi. Ningeomba nafasi nne kwenye kikosi cha mkoa cha UMITASHUMTA, zijazwe na watoto wadogo wa mwili ambao walimu wa kata wamewapendekeza kwa maandishi, na wasihesabiwe kwenye kushinda. Waende, walale kambini, wacheze dakika walau ishirini kila mechi, na majina yao yabaki kwenye orodha ya mkoa kwa miaka mitatu, wakiwa wamesajiliwa kwenye klabu yoyote ya Inyonga yenye namba ya TFF. Gharama yake ni kwamba Katavi itapoteza mechi moja au mbili mwezi Juni ambazo ingeweza kushinda, na afisa michezo wa mkoa atalazimika kumweleza mkuu wake kwa nini aliwaacha nyumbani vijana wanne wenye ndevu.